Saa Tatu Ipi? Risiti Moja, Hifadhidata Tatu

Kumi la mwisho la Ramadhani, Usita wa Mui, barabara kuu ya mji wa Lamu, haulali. Watu wakitoka tarawehe huingia madukani kutafuta nguo za Idi, na punda wa mizigo hupishana na watoto ambao mwezi mwingine wangekuwa wamelala zamani. Ramadhani ya 2025, duka moja la leso na kanzu ambalo kompyuta zake nazishughulikia mimi lilikuwa likifunga saa saba usiku. Usiku mmoja, saa sita na dakika 38, mama mmoja alichukua doti nne za leso, akalipa kwa simu, akapewa risiti akaenda zake.

Asubuhi mwenye duka akanipigia.

"Mwanangu, hesabu za usiku hazikutani. Njoo utazame."

"Nakuja, ami. Pesa imepungua?"

"Pesa iko. Siku ndiyo haijulikani ni ipi."

Nilimkuta na karatasi mezani. Keshia ameandika mauzo yale chini ya Jumatano, kwa sababu zamu yake ilianza Jumatano na droo aliifunga yeye. Kompyuta ya dukani inasema Alhamisi 27 Machi, 00:38. Ripoti inayotoka kwenye seva tunayokodi Ayalandi inasema Jumatano 26 Machi, 21:38. Na ami mwenyewe, ambaye kama wazee wengi wa Amu, ndio Lamu, siku yake huanza jua likitua, alikuwa akiuita usiku ule usiku wa Alhamisi tangu alipotoka kuswali Magharibi.

Wawili Jumatano, wawili Alhamisi, na hakuna aliyekosea. Makala haya yanahusu karatasi zile, pamoja na mambo mengine yaliyoibuka tulipoanza kuzifukua hifadhidata, yaani rekodi za mauzo zilizotunzwa kwenye kompyuta: ya Lamu, ya tawi la Malindi na ile ya Ayalandi.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili halikuonekana mapema. Siku za kawaida duka hufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa tatu usiku. Kwa saa za UTC, zile za pamoja ambazo dunia nzima hupimia saa zake, nazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu kamili, hiyo ni 05:00 hadi 18:00, na tarehe ni ileile. Tofauti ya tarehe kati ya Lamu na UTC huonekana tu baina ya saa sita usiku na saa tisa usiku, wakati ambao duka limefungwa miezi kumi na mmoja kwa mwaka. Hitilafu ilikuwa imekaa kimya ikingoja mwezi mtukufu. Ukitaka kuijaribu programu yako, usiijaribu mchana. Iandikie mauzo ya saa saba usiku uone yanaangukia siku gani.

Tukio na jina lake

Sisi tuliokulia saa ya Kiswahili tulipaswa kuwa watu wa mwisho kutatizwa na haya. Simu inaonyesha 9:00, tunasema saa tatu, na hakuna anayeuliza saa sita zimekwenda wapi. Tunajua bila kufundishwa kwamba kilichotokea ni kimoja na majina yake ni mawili. Mgeni akiambiwa boti inaondoka Mokowe saa moja asubuhi, akafika saa saba mchana kwa kuwa alisikia "saa moja" akafikiri ni 13:00, tunacheka. Kisha tunaandika programu inayofanya vilevile.

Kompyuta nyingi kwa ndani hazihesabu saa wala tarehe. Zinahesabu sekunde zilizopita tangu kuanza kwa 1 Januari 1970 kwa UTC. Hesabu hiyo ni moja duniani kote. Sekunde ambayo mama yule aligusa kitufe cha kulipa ilikuwa sekunde ileile Lamu, Malindi na Ayalandi. Kinachotofautiana ni jina tunalolipa tunapoisoma: Alhamisi 00:38 huku, Jumatano 21:38 kule. Muhuri wa wakati ulioandikwa vizuri hubeba jina pamoja na ukoo wake, kama hivi: 2025-03-27T00:38:14+03:00. Ule wa Ayalandi ni 2025-03-26T21:38:14Z, na hiyo Z mwishoni ina maana ya UTC. Ukiiondoa +03:00 au Z, unabaki na jina lisilo na ukoo, na kila anayelisoma atalidai ni la kwao.

Hapo ndipo aina ya safu ya jedwali unayochagua kwenye hifadhidata inapokuwa na maana. MySQL, programu ya hifadhidata iliyoko dukani, ina aina mbili zinazofanana sura na kutofautiana tabia. TIMESTAMP huigeuza saa kuwa UTC inapoihifadhi, na inaposomwa huirudisha kwa ukanda wa saa wa aliyeunganishwa. DATETIME huandika ulichoipa vilevile kilivyo. Haijui kimetoka ukanda gani na haiulizi. Duka letu lilitumia DATETIME. PostgreSQL, programu ya hifadhidata iliyoko Ayalandi, ina aina iitwayo timestamptz, na jina hilo limewadanganya wengi, mimi nikiwamo: wanadhani inatunza ukanda wa saa. Haitunzi. Inautumia ukanda kugeuza muhuri kuwa UTC kisha inausahau. Ukitaka kujua baadaye kama mauzo yalifanyika Lamu au kwingine, weka safu nyingine ya mahali.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba jambo lililokwisha kutokea huhifadhiwa kwa UTC, na jina la kienyeji huandikwa wakati wa kulionyesha kwa mtu. Jambo ambalo bado halijatokea ni habari nyingine. Ukipanga kwamba mzigo utapokewa gatini mwezi wa Desemba saa mbili asubuhi, andika saa hiyo ya hapa pamoja na jina la ukanda, Africa/Nairobi, usiigeuze kuwa UTC leo. Serikali hubadilisha saa. Sudan Kusini ilikuwa pamoja nasi kwenye saa tatu mbele ya UTC hadi 1 Februari 2021, iliporudi nyuma ikawa saa mbili. Aliyekuwa ameshazigeuza miadi zake za Juba za mwezi uliofuata kuwa UTC alijikuta na miadi zilizoteleza saa nzima bila mtu kuzigusa.

Jina la ukanda na idadi ya saa si kitu kimoja, na hili nalisisitiza kwa sababu hata Kenya, nchi isiyosogeza saa zake kila mwaka, haikuwa +3 siku zote. Kuanzia 1937 hadi katikati ya 1942 saa rasmi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Kwa Lamu hiyo ilikuwa saa nzuri kuliko ya leo, kwa maana mji wetu uko karibu nyuzi 41 mashariki na jua letu la kweli liko mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 44 hivi. Siku hizi jua hufika utosini Amu saa sita na robo au karibu na hapo. Mwenye hifadhidata ya vizazi na vifo vya zamani akiandika +3 kila mahali atakuwa ameyasogeza maisha ya watu kwa robo saa.

Dawa ya kuongeza tatu

Kila mtu akiona tofauti ya saa tatu hukimbilia kuongeza tatu. Ni dawa ya haraka, nayo imeniharibia hifadhidata nyingi kuliko kukatika kwa umeme.

Tuchukulie seva ingekuwa imewekwa saa za Dublin badala ya UTC. Usiku ule wa 27 Machi tofauti yetu nao ilikuwa saa tatu. Jumapili ya 30 Machi 2025, saa saba usiku kwao, saa kumi alfajiri kwetu, Ayalandi ilisogeza saa zake mbele kwa saa moja. Tofauti ikawa mbili. Idi ilikuwa haijafika bado, na "ongeza tatu" ilikuwa tayari ni kosa. Mwezi Oktoba huwa vibaya zaidi. Jumapili ya mwisho wanarudisha saa nyuma, kwa hiyo saa yote ya 01:00 hadi 02:00 hupita mara mbili. Muhuri wa 01:30 usiku huo ni wa ile ya kwanza, ambayo kwetu ni 03:30, au ni wa ile ya pili, 04:30? Hifadhidata iliyoandika saa za kienyeji bila ukanda haina jibu, na hakuna hesabu itakayolitoa. Ndiyo maana seva huwekwa UTC hata kama iko chini ya meza yako.

Sasa kisa cha nyongeza. Nilipofungua rekodi za mwaka uliotangulia nikazitazama kwa saa za Nairobi, nilikuta miezi kadhaa ambayo duka lilionekana kufungua saa nane mchana na kufunga saa tisa usiku. Kila kitu kilikuwa mbele kwa saa sita. Sita! Ami alipoiona namba hiyo akasema papo hapo, "Hawa ni vijana, wameandika saa za Kiswahili." Na kweli ilifanana. Risiti ya 09:12 ilionekana 15:12, yaani saa tisa na dakika kumi na mbili, kana kwamba mtu aliona tisa ya simu akaisoma tisa ya Kiswahili.

Lakini mihuri ile ilikuwa na sekunde: 15:12:47, 15:19:03, 15:26:31. Mtu anayeingiza mauzo kwa mkono kutoka daftarini haandiki sekunde. Tulikuwa nazo rekodi za aina hiyo pia, za siku ambazo umeme ulikatika na keshia akauza kwa kalamu. Hizo zilikuwa 03:00:00, 04:30:00, zote zikiishia na sufuri, na hizo ndizo kweli zilikuwa saa za Kiswahili zilizonakiliwa kama zilivyo: "saa 3" ya daftari imekuwa saa tisa usiku wa manane. Makosa mawili tofauti, yote ya saa sita, moja mbele na moja nyuma. Ukiyatibu kwa dawa moja, moja linapona na jingine linaongezeka maradufu.

Yale ya mbele yalikuwa ya programu. Aliyeiandika alitakiwa atoe saa tatu kabla ya kutuma Ayalandi, kwa kuwa 09:12 ya Lamu ni 06:12 ya UTC. Aliongeza tatu. Alitakiwa arudi nyuma hatua tatu akaenda mbele hatua tatu, kosa likawa sita. Baadaye mtu mwingine aliisahihisha programu, na hakuzigusa rekodi zilizokwisha ingia. Kisha akaondoa na ugeuzaji wa saa kwenye ripoti, ambao haukuwa na kosa lolote, ndiyo maana Ramadhani ripoti ilitoka kwa UTC tupu.

Saa iliyochoka

Malindi kulikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ukanda wa saa ulikuwa sahihi, programu ilikuwa sahihi, na bado risiti zao zilikuwa nyuma kwa dakika saba na kidogo.

Saa ya kompyuta ni kipande cha madini kinachotetemeka, na hakitetemeki sawasawa. Joto peke yake hukibadilisha. Saa inayokosea sehemu 20 katika milioni inaonekana hodari, lakini hiyo ni karibu sekunde moja na robo tatu kwa siku, yaani inakaribia dakika nzima kwa mwezi. Ile ya Malindi haikuwa imelinganishwa na saa yoyote kwa miezi mingi. Juu ya hayo, betri yake ndogo ya duara, ile inayoishikilia saa kompyuta ikizimwa, ilikuwa inakufa.

Dawa yake ni NTP, itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni iliyobuniwa na David Mills na kutangazwa mwaka 1985. Ujanja wake unastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi hufikiri kompyuta huuliza "saa ngapi?" na kulipokea jibu. Ingefanya hivyo, jibu lingefika limechelewa kwa muda wote wa safari.

Tuseme kompyuta ya Malindi iko nyuma kwa sekunde saba. Inatuma ombi saa yake ikisema 10:00:00.000. Seva ya saa inalipokea, na saa ya seva inasema 10:00:07.120. Seva inajibu saa 10:00:07.121. Jibu linafika Malindi saa ya pale ikisoma 10:00:00.241. Sasa Malindi ina mihuri minne mkononi, miwili yake na miwili ya seva. Safari nzima ilichukua milisekunde 241 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) kwa saa yake, toa moja iliyotumika kwenye seva, zinabaki 240. Wakati wa kwenda seva ilionekana mbele kwa 7.120, wakati wa kurudi ilionekana mbele kwa 6.880. Wastani wake ni 7.000 kamili. Kuchelewa kwa kwenda kumefutwa na kuchelewa kwa kurudi.

Kumefutwa ikiwa njia mbili ni sawa. Kama kwenda kungechukua milisekunde 200 na kurudi 40, jumla ni 240 ileile, lakini hesabu ingetoa 7.080, na Malindi ingejiweka mbele kwa milisekunde 80 ikiamini imepona. Kwa duka la leso, milisekunde 80 si kitu. Ila ukumbuke kwamba saa mbili zilizo mbali hazilingani kamwe kabisa. Zinakaribiana tu, na ukaribu huo una kipimo.

Jambo la kuangalia ni kutoirudisha saa nyuma ghafla duka likiwa wazi. Saa iliyo mbele ikikatwa kwa dakika tano mara moja, mauzo ya dakika tano zijazo yatavaa mihuri iliyokwisha kuvaliwa. Saa nzuri huvutwa polepole. Ukiivuta kwa nusu milisekunde kila sekunde, sekunde saba hulipika kwa muda wa karibu saa nne. Dakika saba za Malindi hatukuzivuta. Tuliziweka sawa alfajiri kabla ya kufungua, tukaandika kwenye daftari siku na saa tuliyofanya hivyo. Daftari hilo lilikuja kutuokoa baadaye.

Mihuri miwili kwa kila jambo

Hata saa zikiwa sawa, kuna swali ambalo hifadhidata nyingi hazilijibu: muhuri huu ni wa wakati jambo lilipotokea, au wa wakati habari zake zilipofika?

Mtandao wa Malindi ukikatika mchana, duka haliachi kuuza. Risiti hukaa foleni ndani ya kompyuta, na mtandao ukirudi jioni zote huenda Ayalandi kwa mkupuo. Kama seva ndiyo inayogonga muhuri, mauzo ya siku nzima yatakuwa yamefanyika ndani ya dakika moja ya jioni. Kama kompyuta ya dukani ndiyo inayogonga, unaitegemea saa iliyochoka. Mimi naweka vyote viwili: saa ya tukio kutoka dukani na saa ya kupokelewa kutoka seva. Nafasi haichukui kitu, na tofauti ya mihuri hiyo ni kipimo cha afya. Ikiwa kubwa, mtandao ulikatika au saa ya duka iko nyuma. Ikiwa ndogo kuliko sufuri, yaani leso imefika Ayalandi kabla ya kuuzwa Malindi, saa ya duka iko mbele, na hilo huna haja ya kulijadili na mtu.

Sekunde za nyongeza nitazipitia kwa mbio. Tangu 1972 zimeongezwa 27 ili UTC iendane na mzunguko wa dunia. Ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa 2016, ambayo hapa kwetu iliangukia 1 Januari 2017, kabla tu ya saa tisa usiku. Wataalamu wa vipimo walikubaliana mwaka 2022 kwamba utaratibu huo ukome ifikapo 2035. Duka la leso halina haja ya kukosa usingizi. Kinachostahili kuwekwa kwenye kalenda ni 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, ambapo safu ya TIMESTAMP ya MySQL inafika mwisho wa hesabu yake.

Nani alitangulia

Ami alikuwa na imani kwamba saa zikishakuwa sawa, ugomvi wa ghala utaisha. Ghala ni moja, liko Malindi, na maduka yote mawili huuza kutoka humo. Nilimwambia hautaisha.

Chukua aina moja ya leso, doti 40 ghalani. Mtandao umekatika. Lamu inauza sita, inaandika "zimebaki 34". Malindi inauza kumi, inaandika "zimebaki 30". Mtandao unarudi, na seva imeagizwa kufuata aliyeandika mwisho. Malindi ikiwa ya mwisho, kitabu kinasema 30; Lamu ikiwa ya mwisho, 34. Ghalani ziko 24. Ungezipa kompyuta zote mbili saa za atomiki, zingekubaliana vizuri sana juu ya jibu lisilo sahihi. Kosa liko katika kinachoandikwa. Usiandike "zimebaki", andika "zimetoka sita" na "zimetoka kumi", kisha ujumlishe. Mijumlisho haijali nani alitangulia. Wahindi wenye maduka ya zamani hapa mjini waliandika vitabu vyao hivyohivyo kwa wino, mstari chini ya mstari, bila kufuta.

Pale ambapo mpangilio unahitajika kwa kweli, saa si shahidi mzuri. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alilionyesha hilo mwaka 1978 kwa kanuni inayoingia kiganjani. Kila mashine iwe na kihesabu chake. Kila jambo likitokea, kihesabu kipande kwa moja. Kila ujumbe ubebe namba yake. Na anayepokea achukue namba kubwa kati ya yake na ya ujumbe, kisha aongeze moja. Lamu iko kwenye 57 inatuma agizo. Malindi iko kwenye 41 inalipokea, inaruka hadi 58. Chochote Malindi itakachofanya kwa sababu ya agizo lile kitakuwa 58 au zaidi, hata kama saa yake ya ukutani imesimama. Namba hizo hazikwambii ni saa ngapi. Zinakwambia kilichosababisha hakiji baada ya kilichosababishwa, na mara nyingi hicho ndicho ulichotaka kujua ulipokuwa ukitazama saa.

Google walichukua njia ya tajiri. Hifadhidata yao ya Spanner, waliyoieleza hadharani 2012, ina vipokezi vya GPS na saa za atomiki ndani ya vituo, na ukiiuliza saa haikupi nukta. Inakupa nafasi: si mapema kuliko hapa, si baadaye kuliko pale. Kabla ya kuthibitisha jambo inangoja nafasi hiyo, ambayo ni milisekunde chache, ipite. Napenda unyenyekevu wake. Mashine yenye saa bora kiasi hicho ndiyo inayokubali kwamba haijui saa kamili.

Tatizo dogo lililotupotezea risiti

Kila dakika tano programu yetu ilikuwa ikiuliza: nipe rekodi zilizobadilika baada ya muhuri wa mwisho niliouchukua. Ni swali la kawaida, na kila wiki lilikuwa likipoteza risiti mbili tatu. DATETIME ya MySQL, usipoiagiza vingine, haina sehemu za sekunde, na hukadiria kwenda sekunde iliyo karibu. Risiti mbili zikiingia ndani ya sekunde moja, moja kabla ya kuuliza na moja baada, zote zina muhuri mmoja. Ya pili si "baada" ya muhuri wa mwisho, kwa hiyo haichukuliwi tena maisha. Upande wa PostgreSQL, unaotunza hadi sehemu ya milioni ya sekunde, nao ulikuwa na kichekesho chake: 10:15:30.6 ikinakiliwa kuja MySQL inakuwa 10:15:31, nakala mpya kuliko asili, na programu inaamua asili imepitwa na wakati. Tuliacha kuuliza kwa saa. Kila risiti ina namba isiyojirudia. Tunarudi nyuma dakika kumi kila mara na kuchukua zote, na ambayo namba yake iko tayari haiingii mara ya pili.

Zile rekodi za zamani tulizirekebisha bila kufuta muhuri hata mmoja. Tuliongeza safu mpya ya saa iliyosahihishwa na nyingine ya sababu. Ushahidi ulitoka nje ya kompyuta zetu: ujumbe wa malipo ya simu, ambao saa yake haikupitia programu yetu. Tulichagua malipo machache kutoka kila mwezi, tukaona siku hasa ambayo kosa la saa sita lilianza na siku lilipokoma. Za Malindi zilikuwa ngumu kwa sababu saa inayochoka haichoki mara moja. Tuligawanya zile dakika saba kidogo kidogo kuanzia mwanzo wa miezi ile hadi alfajiri iliyoandikwa kwenye daftari. Za daftari la umeme kukatika tulimwachia keshia mwenyewe. Alikaa na karatasi zake mchana mmoja akizisoma kwa sauti: saa tatu ya asubuhi, saa tatu ya usiku, hii hapa nilikuwa nimefunga nikafungulia mtu.

Ikabaki siku ya biashara. Ripoti ya Ayalandi tuliirudisha kwenye saa za Nairobi, na hapo ndipo ikaacha kukubaliana na keshia: mama wa doti nne akahamia Alhamisi. Ile UTC tupu ilikuwa imepatia kwa bahati, kwa sababu kukata siku saa tisa usiku kwetu kunafanana na kufunga droo. Nikamwambia ami siku ya duka haina budi kuwa na mpaka wake wenyewe, uandikwe kwenye programu, usiokotwe kutoka ukanda wa saa wa mtu mwingine. Aamue yeye.

"Tukate Alfajiri," akasema.

"Alfajiri inasogea, ami. Kompyuta inataka saa moja isiyobadilika."

Akafikiri. "Saa kumi, basi. Saa kumi hakuna anayenunua leso."

Nikaandika 04:00, Africa/Nairobi. Usiku wa kuamkia Idi alinitumia ujumbe saa kumi kasoro robo: bado wana wateja sita.